Maswali yenu: Kujipamba mtandaoni na mpaka wake

Barua za mwezi huu zimegusa jambo moja kwa sura nyingi: ule mwonekano tunaojijengea kwenye Instagram, Facebook, TikTok na status za WhatsApp. Hakuna anayeonyesha maisha yake yote, na hakuna anayedaiwa kufanya hivyo. Hata mgeni akibisha hodi tunafagia ukumbi kwanza. Katika majibu yetu tumetumia kipimo kimoja: je, yuko mtu anayeamua jambo la pesa yake, afya yake, kazi yake au moyo wake kwa kutegemea unachomwonyesha, huku wewe unajua hakiko hivyo? Akiwepo, umeshavuka mpaka.

Swali: Mimi ni fundi cherehani. Ukurasa wangu wa Instagram umejaa picha za magauni nilizozitoa kwenye kurasa za mafundi wa Nigeria na Ghana. Chini naandika "tunashona mitindo yote". Sijawahi kusema ni kazi yangu, ila najua wateja wanaamini hivyo. Je, nadanganya? *Fundi, Morogoro*

Jibu: Ndiyo, dada, ingawa hujatamka neno la uongo. Watu wanausoma ukurasa wa fundi kama ukuta wa kazi zake. Mteja akiona gauni la lesi lenye shanga zilizotiwa kwa mkono, anatuma malipo ya awali kwa kuamini kwamba mikono iliyoshona lile ndiyo itakayoshona lake.

Kuna na hatari ambayo huenda hukuifikiria. Picha zile zilipigwa kwa taa za studio, kitambaa ni kizito na kina bitana, na mara nyingi mgongoni kuna pini zinazolibana gauni likae. Mteja wako atakuletea kitenge chepesi cha yadi 4. Gauni likitoka tofauti, ugomvi utaanza kwenye kitambaa na kuishia kwenye neno "umenidanganya", na neno hilo huna la kulijibu. Tena picha ni mali ya aliyeipiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo.

Fanya hivi. Pitia ukurasa wote na ufute kila picha ambayo mwenyewe humjui. Zile unazomjua mwenyewe, mwombe ruhusa. Akikubali, andika juu ya picha yenyewe "Mfano, si kazi yetu", pamoja na jina la akaunti yake. Usiishie kuandika kwenye maelezo ya chini, kwa sababu picha ikikatwa na kurushwa WhatsApp maelezo hubaki nyuma. Mifano yote iweke kwenye mkusanyiko mmoja wa stori, na uuite "Mifano".

Kisha jaza safu tatu za mwanzo za ukurasa, yaani picha 9, kwa kazi zako tu. Mgeni anaanza kukupima hapo. Kila nguo ipige mara tatu: mbele, nyuma, na kwa karibu kwenye mshono, zipu au pindo. Piga karibu na mlango au dirisha, saa 3 asubuhi au saa 10 jioni, na uzime balbu. Mwanga wa jua ukichanganyika na wa taa hubadilisha rangi ya kitambaa, na rangi ndiyo kitu cha kwanza wateja wanachogombania. Shuka jeupe lililopigwa pasi linatosha kuwa mandhari ya nyuma. Kama huna midoli, mwombe mteja aivae, na asipotaka sura yake ionekane, kata picha kwenye kidevu.

Oda inayotokana na mfano iandikie tofauti zake kabla hujapokea shilingi: kitambaa gani, urefu gani, shanga zipo au hazipo. Mafundi wengi wanaogopa kwamba kazi zao zitaonekana za kawaida mno. Sisi tunaona mshono ulionyooka, uliopigwa picha vizuri, unauza kuliko gauni la watu, kwa sababu aliyekuja kwa ajili yake anapata alichokiona.

Swali: Nina duka la viatu Kariakoo. Nimeshauriwa ninunue wafuasi 20,000 ili wateja waniamini. Kuna ubaya? *Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Jibu: Idadi ya wafuasi ni ushahidi: watu hawa wote wamekuona na wamebaki. Ukiinunua umeleta mashahidi wa uongo, na mgeni atakutumia pesa ya mzigo kwa kuwategemea wao.

Hata kibiashara utaumia. Ukiposti, mtandao huonyesha picha kwanza kwa sehemu ya wafuasi wako na kutazama wanaipokeaje. Akaunti tupu hazibofyi kitu, basi picha haisogei mbele, hata kwa wateja wako halisi. Na hesabu ya kukugundua ni nyepesi: gawanya idadi ya likes kwa wafuasi, zidisha kwa 100. Mwenye wafuasi 1,000 na likes 84 ana asilimia 8.4. Likes hizo hizo kwa wafuasi 21,000 ni asilimia 0.4, na anayezijua biashara hizi ataliona hilo kwa nusu dakika. Mitandao nayo hufagia. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti feki kwa wingi, na watu maarufu wakapoteza wafuasi kwa mamilioni ndani ya muda mfupi.

Kama ulishanunua, badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha ondoa akaunti hizo kidogo kidogo kwenye orodha ya wafuasi. Ukiondoa nyingi kwa mkupuo mmoja, mtandao unaweza kukuzuia kwa muda. Imani ya mteja itafute kwingine: picha ya mlango wa duka, jina la mtaa, bei iliyoandikwa wazi badala ya "bei inboksi", na siku ngapi anaruhusiwa kurudisha kiatu kisichomtosha.

Swali: Nafundisha sekondari, na Facebook naandika mashairi na maoni kwa jina la kubuni. Mwenzangu kazini ananiambia huo ni unafiki. *Mwalimu, Tanga*

Jibu: Mwambie lakabu ina makao ya siku nyingi katika Kiswahili. Wasomaji wa kurasa za mashairi walimjua Andanenga kama "Sauti ya Kiza", na hakuna aliyejiona ametapeliwa. Shairi hupimwa kwa vina, mizani na hoja yake. Jina lililo juu yake halimtoi msomaji pesa mfukoni.

Unaruhusiwa kubuni jina. Usibuni cheo, elimu wala uzoefu, wala usiazime sura ya mtu mwingine. Kujifanya mtu fulani aliyepo ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015. Na usifungue lakabu ya pili ili ije kuisifu ya kwanza au kuitetea kwenye mabishano, maana hapo unamfanya msomaji aamini mko wengi. Ukiandika juu ya elimu, sema wewe ni mwalimu bila kutaja shule. Msomaji atajua neno limetoka kwa nani, nawe utabaki na sitara yako.

Kwa upande wa utekelezaji, Facebook inataka akaunti binafsi iwe na jina unaloitwa kila siku, kwa hiyo mashairi yafungulie Ukurasa wenye lakabu. Instagram na X hazina sharti hilo. Tumia baruapepe tofauti, zima usawazishaji wa namba za simu ili wanafunzi wasipendekezewe akaunti yako, na usiweke kokote picha uliyowahi kuitumia kwa jina lako halisi, kwani anayetafuta kwa picha ataziunganisha akaunti mbili mara moja.

Swali: Nauza krimu za ngozi. Kwenye video natumia filta kama wengine wote. Mteja mmoja ameniita tapeli kwenye komenti, na nimeumia. *Muuzaji, Mwanza*

Jibu: Pole, lakini tumsikilize. Filta kwenye picha ya Idi haina neno. Kwa anayeuza krimu ni mizani iliyochezewa, kwa sababu filta inafanya kile kile ambacho bidhaa inaahidi: inafuta chunusi, inasawazisha rangi, inang'arisha. Mteja analipia krimu baada ya kuona kazi ya programu. Tena filta za zamani zilivunjika ukipitisha mkono usoni, na mtazamaji aliona. Zile za akili bandia, kama Bold Glamour iliyoingia TikTok mwaka 2023, hazivunjiki. Mtazamaji hana tena namna ya kujua, basi wajibu wote umebaki kwako.

Angalia pia simu yenyewe. Simu nyingi zinatoka kiwandani hali ya urembo ikiwa imewashwa, na wapo wauzaji wanaoapa hawatumii filta huku kamera inailainisha ngozi kimyakimya. Fungua mipangilio ya kamera, tafuta "urembo", ishushe hadi 0, halafu jaribu kwa kupiga picha ya kiganja chako: mistari yote ionekane.

Picha za kabla na baada zina masharti yake. Tumia simu ile ile, mahali pale pale na saa ile ile. Pima umbali kwa futi kamba, sentimita 50 zinafaa. Usitumie flashi wala vipodozi. Tarehe iwepo kwenye kila picha, na idhini ya mwenye ngozi uwe nayo kwa maandishi. Andika amepaka wiki ngapi na alikuwa anatumia nini kingine. Ngozi ya mtu mzima hujifanya upya kwa takriban wiki 4. Anayeonyesha mabadiliko makubwa ndani ya siku 3 basi kabadilisha mwanga, au ndani ya kopo mna kitu kibaya. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kagua kopo lako kabla hujakagua video.

Wenzetu wamelipeleka jambo hili kwenye sheria. Norway, tangu Julai 2022, inataka tangazo lenye picha iliyorekebishwa umbo la mwili au ngozi liwe na alama inayosema hivyo. Kwa upande wa afya, madhara yanaweza kuwa makubwa sana. Belle Gibson wa Australia alijijengea jina kwa kudai ana saratani ya ubongo na kwamba lishe inamponya, akauza programu ya simu kwa jina hilo. Mwaka 2015 alikiri hakuwahi kuugua, na 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola za Australia 410,000. Hasara ya mgonjwa aliyemwamini na kuahirisha matibabu haimo katika hesabu hiyo.

Komenti ya yule mteja usiifute. Mjibu hapo hapo hadharani: video zilikuwa na filta, hii mpya haina, na kama kopo halijafunguliwa anarudishiwa pesa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na hakuna kifungu kinachosema ukifanya kama wengine unasamehewa.

Swali: Nina wafuasi 9,000 TikTok. Kampuni inataka niisifie simu yake bila kusema nimelipwa, "ionekane ya kawaida". Nikubali? *Kijana, Mombasa*

Jibu: Usikubali kwa sharti hilo. Wanachokinunua ni imani ya watu 9,000, na wanakutaka uwafiche kwamba imeuzwa. Tangazo lenyewe ni kazi halali kabisa, ila masharti yaandikwe kwa mkataba: utasema umelipwa, utaitumia simu siku 14 kabla ya kurekodi, na una haki ya kutaja walau kasoro moja.

Kusema umelipwa kuna mahali pake. Tamka "hili ni tangazo" ndani ya sekunde 5 za mwanzo, liandike kwenye kioo, na uwashe alama ya maudhui ya kibiashara ambayo TikTok inakuwekea kabla ya kuposti. Kulificha mwishoni katikati ya hashtagi kumi ni sawa na kutosema. "Asante kwa zawadi" nayo haitoshi. Hata kama hawakukupa fedha, simu uliyopewa bure ni malipo, na ndivyo pia miongozo ya tume ya biashara ya Marekani inavyolihesabu. Wakikataa yote haya, umeokoka.

Swali: Mke wangu ameifungulia akaunti binti yetu wa miaka 4. Anaandika kana kwamba mtoto ndiye anayesema: "leo sitaki uji". Watu wanapenda sana. Mimi sina amani. *Baba, Nakuru*

Jibu: Amani unakosa kwa sababu nzuri: huyo ni mtu anayetengenezewa hulka kabla hajaweza kuikubali au kuikataa. Atafika darasa la 5 na wenzake watakuwa wameshasoma vituko vyake vyote. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa Sh 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini hiyo. Ninyi wazazi mnayo mamlaka ya kuitoa, na uzito wote unaangukia kwenu.

Zungumzeni mkiwa na simu mkononi, mkipitia picha moja moja. Ziondoke za kuoga, za kulia, za kuugua, na zenye beji ya shule au geti la nyumba. Nyingine mziposti siku moja baadaye, mkiwa mmeshaondoka mahali hapo. Instagram inataka akaunti ya mtoto wa chini ya miaka 13 iseme wazi kwenye wasifu kuwa inaendeshwa na mzazi. Sauti iwe ya mama: "leo kakataa uji" inachekesha vilevile, na haimlishi mtoto maneno. Kama matangazo yameanza kuja, fungueni akiba kwa jina lake.

Swali: Shikamooni. Nafanya kazi za ndani Muscat, huu mwaka wa pili. Nikipata nafasi najipiga picha sebuleni kwa tajiri au kwenye gari lake naweka status. Maisha yangu hayako vile. Nyumbani wananiomba pesa kila wiki, na sasa mdogo wangu anataka kuacha kazi ya saluni aje huku "aishi kama dada". Niseme nini bila kujiaibisha? *Binti wa Singida*

Jibu: Marahaba, dada yetu, na pole kwa kazi. Kutaka kuonekana umependeza, mbali na kwenu, si kosa. Pengine mama hulala vizuri siku akiona unatabasamu. Lakini sasa yuko mtu mmoja anayetaka kugeuza maisha yake kwa sababu ya picha hizo, na huyo lazima aambiwe.

Kwanza, acha kupiga picha ndani ya nyumba ya mwajiri. Sheria ya Oman ya makosa ya mtandao, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 12 ya mwaka 2011, inaadhibu kuingilia faragha ya watu kwa picha. Sebule yake, watoto wake na namba ya gari lake vyote vinaweza kukutia matatani. Status hufutika baada ya saa 24; zilizoko Instagram au Facebook zifute mwenyewe. Ukitaka picha, piga ufukweni siku ya mapumziko, na hiyo siku ni yako kweli.

Pili, mpigie mdogo wako. Usimwandikie, na usianzie kwenye kundi la familia, maana hapo litageuka baraza, kila mtu atasema lake na wewe utaishia kujitetea. Mkiwa wawili mpe hesabu kamili: mshahara wako kwa rial, unachobaki nacho baada ya kutuma nyumbani, unaamka saa ngapi na kulala saa ngapi, una siku ngapi za mapumziko kwa mwezi, pasipoti anaishika nani, na ilikuchukua miezi mingapi kulipa gharama za safari. Mwambie na mazuri yaliyopo, kwa sababu yapo. Kisha mwache alinganishe na anachoingiza saluni. Usimkataze, usimshawishi.

Kwa wanaoomba pesa, sentensi moja inatosha: "Nyumba mnayoiona ni ya mwajiri, mimi nafanya kazi humo." Huhitaji kuomba radhi. Fuatisha na kiasi maalumu na tarehe maalumu, kwa mfano kila tarehe 5 utatuma kiasi hiki na ya kutolea, na katikati ya mwezi haitatoka nyingine isipokuwa kwa ugonjwa. Miezi miwili ya kwanza watanuna. Usibadilishe kiasi wakati wamenuna, kwani ukikibadilisha mara moja tarehe haitakuwa na maana tena. Ukiona bado mkono unataka kuposti gari la tajiri siku za upweke, tumia mpangilio wa status unaoruhusu watu wachache tu, na uwachague wale wanaoujua ukweli wako.

Mdogo wako akishasikia yote na bado anataka kuja, ni mtu mzima, basi msaidie aje kwa njia salama: apitie TaESA, ofisi ya serikali ya Tanzania ya huduma za ajira, asome mkataba kwa lugha anayoielewa, aache nakala ya mkataba na ya pasipoti kwa mama, na asikubali kusafirishwa kwa viza ya matembezi. Mpigie wiki hii, kabla hajaaga saluni. Kama ameshamlipa wakala, aombe risiti yenye jina la kampuni, na jina hilo alipeleke TaESA kuuliza kama limesajiliwa, kabla tiketi haijakatwa.